Kanisa Ndani ya Ngome: Safari Kutoka Garissa Hadi Mombasa



Nimezaliwa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, mwendo wa dakika chache tu kutoka Ngome ya Yesu, nami nimefika umri wa miaka 42 bila kuingia ndani yake hata siku moja. Utotoni tulicheza chini ya kuta zake, tukala mihogo ya kuchoma na maembe ya pilipili mbele ya lango lake, lakini ndani tulipaona kuwa pa watalii. Marehemu bibi yetu alikuwa akisema kwamba humo mlikuwa na kanisa la Wareno kisha jela ya Waingereza, na kwamba katika viwili hivyo hakuna kinachomfaa mtoto wa Kiislamu. Baadaye nikaolewa, nikahamia Garissa, na mambo ya ngome nikayasahau.

Kilichonirudisha huko ni mwanangu. Januari hii alipata nafasi katika shule ya bweni Mombasa, naye ni mtoto wa miaka 13 ambaye hajawahi kulala nje ya nyumba yetu isipokuwa kwa babu yake. Mavyaa wangu, ambaye mwanangu humwita ayeeyo kwa desturi ya Kisomali, alisema kwamba mjukuu wake hatapelekwa ugenini bila yeye kuiona shule kwa macho yake. Basi tukasafiri watatu: bibi mwenye zaidi ya miaka 70, mzaliwa wa Wajir, mjukuu wake, na mimi katikati yao.

Tuliondoka Garissa baada ya Swala ya Alfajiri. Basi lilivuka daraja la Mto Tana kukiwa bado kuna kiza, kisha likaelekea kusini kupitia Bura, Hola na Garsen. Wasafiri wa Kaskazini Mashariki wanayajua mambo ya njia: kuteremka kwenye vizuizi vya polisi, kupanga foleni na kutoa vitambulisho. Mavyaa huteremka polepole, na mara zote husema Alhamdulillah anapopanda tena. Alasiri ilitukuta Malindi, tukalala kwa jamaa.

Asubuhi, kabla ya kuendelea na safari, mwenyeji wetu alitupeleka kuona kikanisa cha Wareno kilicho karibu na bahari. Nilitarajia jengo kubwa, nikakuta chumba kidogo chenye paa la makuti, kimezungukwa na makaburi. Ni miongoni mwa majengo ya kale zaidi ya Kikristo katika pwani yetu. Vasco da Gama aliingia Malindi mwaka 1498, akapokewa vyema na mfalme wa mji, na tangu hapo Wareno wakawa na rafiki katika pwani hii. Mwaka 1542 padri Francis Xavier alitia nanga hapo akielekea India, akamzika baharia mmoja wa chombo chao.

Padri huyo aliandika barua, na ndani yake alieleza jambo ambalo sikulitarajia. Anasema kwamba mzee mmoja wa Kiislamu, mtu wa heshima mjini, alimwuliza kama Wakristo kwao huenda makanisani. Mzee alikuwa na huzuni: Malindi ilikuwa na misikiti 17, na watu walikuwa wakihudhuria mitatu tu. Nilipomsimulia mavyaa kisa hiki alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na leo tungemjibu nini mzee yule?" Sikuwa na jibu. Nilivutiwa na mazungumzo yenyewe: watu wawili wa dini mbili, kabla ya mizinga na kuta kusimama baina yao, wanaulizana juu ya udhaifu wa imani za watu wao.

Siku ya pili yake tulikuwa mbele ya Ngome. Mavyaa alisimama langoni akauliza inaitwaje. Nikamwambia jina lake. "Nabii Isa, alayhi salaam, alikuwa na ngome?" aliuliza, na mwongozaji akacheka kwa adabu. Jina hilo walilitoa Wareno. Walianza kuijenga mwaka 1593 na kuikamilisha 1596, kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili wa Uhispania aliyekuwa akitawala Ureno pia, na ramani yake ilichorwa na Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, na mawe ya kuta zake ni matumbawe yale yale tuliyojengea misikiti na nyumba zetu za Mji wa Kale. Juu ya lango pamo jiwe lenye maandishi ya Kireno, ambamo kepteni mmoja anajisifu kwa namna alivyowaadhibu na kuwatiisha wafalme wa pwani. Mwanangu aliomba asomewe tafsiri, akasema, "Huyu amejisifu hadi kwenye jiwe."

Kanisa limo ndani ya ua, nalo leo ni magofu yasiyo na paa. Jua linaingia moja kwa moja mahali ambapo zamani palikuwa na kivuli cha ibada. Hatua chache kutoka hapo utaona jengo la Waomani na ukumbi wa Wamazrui wenye baraza za mawe na maandishi ya karne ya 18. Waomani waliiteka ngome Desemba 1698 baada ya kuizingira kwa muda wa miezi 33, na Wamazrui wakaja kutawala kwa niaba yao, kisha kwa jina lao wenyewe. Waingereza nao wakaigeuza jela tangu 1895 hadi 1958, kisha ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Hivyo ndani ya kuta moja pana mahali palipotolewa misa, pana makazi ya waliokuwa wakiswali, na pana kumbukumbu za wafungwa waliohesabu siku zao. Kila mtawala alijenga juu ya aliyemtangulia, na hakuna aliyefaulu kumfuta kabisa mwenzake.

Mambo haya si ya pwani yetu peke yake. Katika mji wa Cusco, nchini Peru, Wainka walikuwa na hekalu kuu la jua liitwalo Qorikancha, lenye kuta za mawe yaliyochongwa na kupangwa kwa ustadi mkubwa bila ya saruji. Wahispania walipouteka mji huo mwaka 1533, hekalu lilinyang'anywa dhahabu yake, kisha mapadri wa shirika la Mtakatifu Dominiko wakajenga kanisa na nyumba yao ya watawa juu ya kuta hizo hizo. Mwezi Mei 1950 tetemeko la ardhi liliupiga mji, sehemu kubwa ya kanisa na nyumba hiyo ikaporomoka, nazo kuta za Wainka zikabaki zimesimama, na nyingine zilizokuwa zimefichwa kwa karne nyingi zikaonekana tena. Mgeni anayeingia leo huona vyote viwili kwa pamoja: jiwe la chini la walioshindwa na tao la juu la walioshinda.

Mombasa hakukuwa na tetemeko. Palikuwa na mtoto.

Kisa hiki nilikisikia kwa mwongozaji tukiwa tumekaa kivulini, nami nikakisoma tena niliporudi nyumbani. Mfalme wa Malindi na Mombasa, Hasan bin Ahmed, aligombana na kepteni wa Kireno, akakimbilia Rabai, na huko akauawa mwaka 1614. Mwanawe, Yusuf, alikuwa na umri wa miaka saba hivi. Wareno wakamchukua wakampeleka Goa, India, akalelewa na mapadri wa shirika la Mtakatifu Augustino. Akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo, akasoma lugha yao, akavaa nguo zao, akatumikia katika vyombo vyao vya baharini, akaoa huko huko. Alipokuwa mtu mzima wakamrudisha Mombasa akae kwenye kiti cha baba yake.

Alirudi kwao akiwa mgeni. Raia zake hawakumwamini kwa kuwa ni Mkristo, na Wareno hawakumwamini kwa kuwa ni mtoto wa nchi. Inasimuliwa kwamba alianza kwenda usiku kwenye kaburi la baba yake akimwombea dua kwa desturi ya Kiislamu, habari zikamfikia kepteni, naye akakusudia kumpeleka Goa kushitakiwa. Tarehe 16 Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kepteni kwa mkono wake, akatangaza kurudi katika Uislamu. Siku zilizofuata Wakristo waliokuwa mjini walitakiwa wasilimu. Waliokataa waliuawa, zaidi ya watu 100: Wareno, na pia Waafrika wenzetu, wanaume, wanawake na watoto. Wareno waliizingira ngome mwaka uliofuata wakashindwa kumtoa, lakini Yusuf aliona hataweza kuishikilia, akaondoka kwa chombo. Aliishi miaka yake ya mwisho akihangaika baharini, na akafa katika Bahari ya Sham bila kuiona tena Mombasa.

Mwanangu alisikiliza kimya hadi mwisho. Kisha akauliza, "Mama, yule alikuwa mbaya au mwema?"

Ndugu zangu, tunapowasimulia watoto historia ya pwani, mara nyingi tunaanza na uovu wa Wareno na kumalizia na ushindi wetu. Uovu wao ni kweli. Walimnyang'anya yatima dini yake na lugha yake, na jambo hilo ni dhulma ambayo mama yeyote anaielewa bila kufundishwa. Lakini mtoto aliyekuwa mbele yangu aliniuliza swali la kweli, na sikutaka kumpa nusu ya jibu. Nilimwambia kwamba Yusuf alidhulumiwa akiwa mdogo, na alipopata nguvu akawafanyia wengine yale yale aliyofanyiwa: akawawekea watu dini kwenye ncha ya jambia. Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Suratul Baqarah kwamba hakuna kulazimishana katika dini. Walioivunja amri hiyo Goa walikosa, na aliyeivunja Mombasa alikosa, ijapokuwa huyu wa pili ni wa kwetu na moyo wetu unamhurumia.

Mavyaa alikuwa amekwisha kuinuka, amesimama kwenye kisima. Mtu wa Wajir hapiti kisima bila kukitazama. Mwongozaji alimweleza kwamba Wareno walitegemea birika la kuvunia maji ya mvua, ama kisima hiki kilichimbwa na Waarabu, kina chake futi 76, na maji yake yalikuwa ya chumvi, yakifaa kuoshea tu. "Kama yetu," alisema mavyaa, kwani visima vya Wajir navyo vina maji ya chumvi. Akainama kutazama chini. "Futi 76 za jiwe," alisema. "Waarabu hawakuchimba. Walichimbiwa." Mwongozaji hakumjibu, nami sikuwa na la kuongeza. Katika kuta hizi zote tulizoonyeshwa, za Wareno na za Waomani, majina yaliyoandikwa ni ya walioamrisha.

Tulipotoka tulipanda tuktuki kuelekea mjini, adhuhuri ikiwa imeingia. Katika barabara ya Nkrumah mavyaa aliona jengo jeupe lenye kuba na madirisha ya matao, akamgonga dereva begani. "Baba, tushushe hapa tuswali." Dereva, kijana wa Kimijikenda, alicheka. "Bibi, hilo ni kanisa." Naam, lile ni kanisa kuu la Waanglikana, lililokamilika mwaka 1905. Mchoraji wake, Mwingereza J. H. Sinclair, alilipa umbo linalofanana na majengo ya Kiislamu, na mpita njia asiyejua hulidhania msikiti. Sisi tulicheka, lakini mlinzi wa lango la kanisa, aliyekuwa amesikia, alisogea akatuonyesha kwa mkono upande ulipo msikiti wa karibu, akamwambia mavyaa aangalie magari anapovuka.

Baada ya swala mavyaa alibaki amekaa, akiwa na fikira. Akaniuliza kama ingekuwa dhambi kuswali mle kanisani kwa kukosea. Masuala ya fiqhi nikamwachia imamu, nikamkumbusha kisa anachokijua tangu madrasa. Wanahistoria wa Kiislamu wanasimulia kwamba Sayyidna Umar bin Khattab, radhiyallahu anhu, alipoingia Baitul Maqdis, wakati wa swala ulimkuta ndani ya kanisa kubwa la Wakristo. Askofu wao, Sophronius, akamkaribisha aswali hapo hapo. Umar akakataa, akatoka akaswali nje. Alieleza kwamba angeswali ndani, Waislamu watakaokuja baada yake wangelichukua kanisa kwa hoja kwamba Umar aliswali hapo. Alikuwa mshindi, na mji ulikuwa mkononi mwake. Angeweza kufanya yaliyofanywa Cusco miaka mia tisa baadaye. Hakufanya, na kanisa lile lingali mikononi mwa Wakristo hadi leo.

"Umar alikuwa na nguvu," alisema mavyaa. "Hapo ndipo pagumu."

Nimelifikiri neno hilo njia nzima ya kurudi. Sisi wa Garissa tunajua maana yake kuliko wengi. Katika nchi ya Kenya Waislamu ni wachache, lakini katika mji wetu sisi ndio wengi, na mwalimu, muuguzi au askari wa Kikristo anayeletwa kufanya kazi kwetu ndiye mgeni. Kanisa lake dogo lenye paa la mabati limesimama katikati ya misikiti yetu. Tarehe 1 Julai 2012 watu wenye silaha waliwavamia waumini makanisani mjini Garissa wakati wa ibada ya Jumapili, wakaua watu zaidi ya 10. Tarehe 2 Aprili 2015 wakavamia Chuo Kikuu cha Garissa, wakawatenga wanafunzi kwa dini zao, na watu 148 wakapoteza maisha. Wauaji wale walidai kuitetea dini yetu. Kila mama wa Garissa anakumbuka siku ile alikuwa wapi.

Lakini kuna mengine yaliyotendeka, nayo pia ni historia yetu. Baada ya mauaji ya 2012, viongozi wa Kiislamu walikubaliana kwamba vijana wa Kiislamu washiriki kuyalinda makanisa ya Garissa. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa karibu na El Wak, na abiria wakaamriwa wajitenge, Waislamu kando na Wakristo kando. Waislamu wakakataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mavazi yao wajistiri, na abiria wakawaambia wauaji kwamba wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, na mwezi uliofuata akafariki dunia hospitalini. Mwenyezi Mungu amrehemu. Hakuwa na bunduki, lakini alikuwa na uchaguzi, na alichagua kama alivyochagua Umar.

Katika Suratul Hajj, Mwenyezi Mungu anataja nyumba za watawa, makanisa, masinagogi na misikiti pamoja, kuwa ni mahali ambapo jina Lake hutajwa, na kwamba lau Asingewazuia watu kwa watu basi zote zingebomolewa. Aya hii niliisoma tangu utotoni pale Kibokoni. Nimeielewa vyema zaidi nikiwa nimesimama ndani ya kanisa lisilo na paa, nyumbani kwangu mwenyewe, nikiwa na umri wa miaka 42. Nyumba ya ibada ya jirani aliye mchache ni amana, na mwenye kuulizwa juu ya amana hiyo ni yule aliye na nguvu.

Kwa hiyo nawaomba dada zangu wa pwani: mkipata nafasi, wapelekeni watoto Ngomeni. Msiwaachie watalii historia yenu. Waonyesheni kanisa, ukumbi wa Wamazrui na kisima. Wasimulieni kisa cha Yusuf chote, pamoja na ile sehemu isiyotupendeza, kwani mtoto atakuja kuisikia kwa mtu mwingine, na pengine mtu huyo hatakuwa na nia njema.

Jioni ile tulimfikisha mwanangu shuleni. Mavyaa alikagua bweni, akashika godoro kwa mkono, akauliza qibla kiko upande gani. Nilipomwaga nilimpa msahafu wake na saa ya kengele. Alinikumbatia haraka haraka, wenzake wasimwone, kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, mimi sitasahau." Sikumwuliza atasahau nini. Nilijua alikuwa akimfikiria Yusuf, na alijua kwamba nami nilikuwa nikimfikiria.

Majuma mawili baadaye mdogo wangu anayeishi Mombasa alikwenda kumtazama, akanipigia simu. Alisema mtoto yuko salama, amekonda kidogo, na hakosi Swala ya Alfajiri. Ile saa ya kengele iliharibika juma la kwanza. Anayemwamsha ni mwenzake wa kitanda cha jirani, kijana wa Kikristo kutoka Taita, ambaye usingizi wake ni mwepesi, na ambaye husikia adhana kabla yake.

Wabillahi tawfiq.